Nane ya Mchana

Siku ya tisa ya zamu mpya, mama mkwe alirudi nyumbani mikono mitupu. Fagio lake lilikuwa begani kwa mwenzake wa kazi, mwanamke mrefu waliyemwita Mlingoti. Kwa mtu aliyefagia barabara miaka kumi na minne bila kumwachia yeyote fagio lake, hata la kushikiwa tu wakati anafunga kamba ya kiatu, hilo halikuwa jambo dogo.

"Pokeeni mzigo wenu," Mlingoti alisema mlangoni. "Na fagio lake hili hapa. Amenitukana njia nzima kwa kulibeba."

"Nimekutukana kwa kuliburuza," mama mkwe alijibu, akakaa kwenye ngazi. Maneno hayo machache aliyakata mara tatu ili avute pumzi.

Mke wa mwanawe alitua sufuria, akaja kumvua kizibao cha kung'aa. Mtaa mzima walimwita Karani, na hata mumewe alishaanza kusahau kumwita vinginevyo.

"Mama, twende zahanati."

"Nikafanye nini? Wale ukienda na kifua wanakupa vidonge vya kichwa. Nasubiri kichwa kianze kuuma, labda ndipo watanipa dawa ya kifua."

"Na bado tunaambiwa zamu hii ni kwa faida ya afya zetu," Mlingoti alisema. "Miaka yote tumeanza saa kumi na moja alfajiri, saa tano tumemaliza, mtu anarudi nyumbani anacheka. Sasa tunaingia saa sita, jua la utosi, mpaka saa kumi na mbili. Eti wataalamu wamepima hewa, wakaona asubuhi ndiyo yenye sumu."

"Usiwaseme wataalamu, wewe," mama mkwe alisema. "Mtaalamu mwenyewe ndiye huyu ananivua kizibao."

Mlingoti alimtazama Karani kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Basi, mtaalamu, pokea salamu zetu. Ile asubuhi yako yenye sumu mimi nilikuwa naipenda."

Karani alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaondoka kwenda kuchemsha maji. Alikuwa mtu wa kuweka neno akilini kwanza na kuligeuza polepole, kama mtu anayechambua mchele. Asubuhi yenye sumu. Mbona asubuhi sanduku lake lilitoa namba ndogo?

Sanduku lilikuwa juu ya paa la posta, jeupe, na bomba limeelekea angani. Lilivuta hewa likaonyesha kiasi cha ozoni, gesi isiyo na rangi ambayo ikiwa juu kabisa humkinga mtu na jua, na ikiwa huku chini mtaani humla mapafu. Sehemu ya mashine iliyotunza kumbukumbu iliungua, kipuri hakikuja, ndipo akatafutwa mtu wa kusoma namba kila saa inapotimia na kuiandika kwenye fomu. Elimu ya msingi ilitosha. Walichotaka ni macho, saa ya mkononi na subira, na Karani alikuwa navyo vyote vitatu. Alianza saa moja asubuhi, akamaliza saa kumi na mbili jioni. Mistari kumi na miwili kwa siku, na hakuwahi kuruka hata mmoja.

Siku ya kwanza fundi wa mashine alimwelezea vizuri. "Moshi wa magari peke yake bado ni mbichi," alisema. "Unapikwa na jua. Asubuhi sufuria ndiyo kwanza inatengwa. Saa nane, saa tisa, hapo imeiva."

Lakini mji ulikuwa na masanduku mengine matatu. Labda huko kwingine, Karani alijiambia huku akipuliza moto, asubuhi ni mbaya kweli.

*

Jumanne ilikuwa siku ya kupeleka fomu. Maisha yake ya kazini yalikuwa ya vipande vya dakika hamsini. Alisoma ya saa nne, akashuka ngazi za posta mbiombio, akakatiza mitaa miwili hadi ofisini, ili kabla ya saa tano awe amerudi juu.

"Fomu kwenye trei," mhudumu wa mapokezi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kucha zake.

"Nimeshaweka. Naangalia ile picha."

"Ya wasomi hiyo. Ila kuangalia hakulipiwi, angalia tu."

Lilikuwa bango jipya, refu kama mlango. Juu liliandikwa KITUO CHA POSTA, na chini yake mstari wa bluu ulipanda kama kilima, ukafika kileleni, ukaanza kuteremka. Chini ya kilima namba zilijipanga: moja hadi kumi na mbili. Karani alikitambua kilima hicho kama mama anavyotambua kisogo cha mwanawe katikati ya watoto wa watu. Kilikuwa chake. Namba ndogo, ndogo, halafu za katikati, halafu zile kubwa juu ya nane na tisa, halafu kuteremka kwa jioni. Alikuwa amekiandika yeye, siku baada ya siku, kwa mkono wake.

Ila chini kulikuwa na maandishi mekundu: *Epuka kazi za nje saa mbili hadi saa nne asubuhi.*

Aliyasoma tena. Akatafuta saa ya ukutani aone amebakiwa na dakika ngapi. Mshale mfupi ulikuwa umepita kidogo kwenye kumi, na yeye, kama alivyofunzwa tangu utotoni, akasoma saa nne na robo.

Mshale kwenye kumi, saa nne. Mshale kwenye nane, saa mbili.

Alisimama pale mpaka mhudumu akauliza kama anaumwa. Kwenye fomu palikuwa na safu moja iliyoandikwa SAA, basi. Saa nane ya mchana yeye aliandika 8, kwa sababu saa nane ni nane. Na mtu aliyeipokea hiyo 8 humu ndani, mwenye shahada na kompyuta, aliiangalia akaona mshale kwenye nane. Akaona asubuhi.

Kile kilima kizima kilikuwa kimesukumwa nyuma saa sita, na wafagiaji wa mji mzima wakasukumwa nacho mbele saa saba, mpaka wakakutana na jua lenyewe.

*

"Nani mwingine anajua?" mumewe aliuliza.

Alikuwa fundi rangi, na mwezi wa pili sasa hakuna aliyekuwa akipaka nyumba. Alikuwa uani akiosha brashi ambazo hazikuwa chafu.

"Hakuna. Mimi na wewe."

"Ijumaa si ndiyo unasaini mkataba?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi, mwenzangu, nisikilize. Funga mdomo mpaka uwe umesaini. Ukishasaini, panda kule juu useme hata kwa kipaza sauti. Lakini ukisema kabla, nani atampa mkataba mtu aliyegeuza mji mzima juu chini?"

"Na mama?"

Alizungusha brashi ndani ya kopo. "Mama ameshafagia siku kumi za zamu hii. Siku tatu zaidi..."

"Siku tatu zaidi nini?"

"Usinilazimishe kulimalizia hilo neno."

Kutoka ndani sauti ya mama mkwe ikakwaruza: "Mnanong'ona nini nyie? Kama mnanisengenya, pandisheni sauti! Kilichoharibika ni kifua, masikio mazima."

"Tunazungumza mambo ya rangi, mama," fundi rangi alisema.

"Rangi gani? Kwani umepata kazi?"

Karani alimwona mumewe akiinama zaidi juu ya kopo, na mtu mzima yule, mwenye mabega ya kubeba ngazi, akawa mdogo kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. Hakumwonea hasira. Nyumba hii ilisimama kwa fagio na kalamu, na yeye alikuwa akijaribu kuokoa kalamu.

*

"Leo usiende, mama," Karani alisema Jumatano asubuhi.

"Nisiende, halafu? Siku tatu bila cheti cha daktari wanaweka mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine yuko tayari. Nimemwona pale ofisini kwa msimamizi, msichana ana mabega kama kabati."

"Basi pita upande wa kivuli."

"Uchafu haujui kivuli, mwanangu. Unakaa ulikotupwa."

Kipande cha barabara cha mama mkwe kilianzia kwenye mzunguko wa magari, kikapita chini ya posta, kikaishia kwenye taa. Kwa hiyo kuanzia saa sita mchana Karani alipotazama chini aliona kizibao cha kung'aa kikisogea polepole ukingoni mwa lami, kikisimama, kikisogea tena.

Saa sita, sabini na moja. Saa saba, themanini na nane. Anga lilikuwa safi, jeupe kwa mwanga, bila moshi wala vumbi la kumshtua mtu. Ndiyo ubaya wa kitu hiki, haukuwa na uso. Chini, mama mkwe aliegemea fagio kwa mikono miwili na paji la uso likalala juu ya mikono. Gari lilipiga honi. Alisogea bila kuinua kichwa.

Saa nane, mia moja na nne.

Karani aliiandika namba. Kisha kalamu ikafika kwenye safu ya SAA, ikasita. Alikuwa na nafasi ya kuongeza neno moja tu, *mchana*. Neno hilo moja lingeulizwa Jumanne ijayo, na wangegeuza kurasa nyuma, na wangeona.

Akaandika 8.

Halafu akakaa nyuma ya sanduku, upande usioonekana kutoka barabarani.

*

Alhamisi mama mkwe alianguka. Karani alikuwa ameshasoma ya saa tisa, mia moja na tisa, alipochungulia akaona kizibao kikiwa chini na watu wakiwa wamekizunguka. Ngazi za posta alizishuka bila kujua. Mlingoti alikuwa amepiga magoti barabarani, akimpepea kwa kofia huku akiwafokea madereva.

"Mnapiga honi ya nini? Mmeambiwa huyu ni ng'ombe?"

Zahanati walimfunika pua na mdomo kwa kinyago cha mvuke wa dawa. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mchovu, aliyeandika huku akiuliza.

"Kazi yake?"

"Anafagia barabara," fundi rangi alisema. Alikuwa amefika mbio, na suruali yenye madoa ya rangi ya mwaka jana.

"Saa ngapi?"

"Mchana."

Muuguzi aliacha kuandika. "Nani anamtuma mtu wa kifua hiki kufagia mchana?"

Mume alimtazama mke, mke akatazama sakafu. Ilikuwa na vigae vya kijani na kimoja kilikuwa kimepasuka. Mama mkwe alivuta kinyago pembeni, akasema, "Ni kwa faida ya afya yangu," akakirudisha. Muuguzi alidhani ni homa inazungumza.

Walipewa cheti cha mapumziko ya siku mbili. Jumapili si siku ya kazi, kwa hiyo Jumatatu alitakiwa awe barabarani. Nje ya geti, fundi rangi alizungumza huku amegeukia ukuta.

"Kesho ukifika huko, usikae kwenye kiti kabla hujasema. Ukikaa, utasaini."

*

Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu juu yake. Nyuma ya meza alikaa Mkuu wa kitengo, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, na pembeni yake mtaalamu wa takwimu, kijana mpole ambaye ofisi nzima walimwita Bwana Wastani.

"Karibu, binti, kaa."

"Nitasimama, mama. Ile nane si ya asubuhi."

Wakamtazama.

"Nane ipi?" Bwana Wastani aliuliza.

"Kwenye bango. Nane na tisa, pale kwenye kilele. Ni saa nane na saa tisa za mchana. Mimi naanza kusoma saa moja asubuhi, naandika moja. Saa kumi na mbili jioni naandika kumi na mbili, nashuka, naenda nyumbani."

Bwana Wastani alifungua kompyuta yake. Aliteremsha namba kwa kidole kimoja. "Mimi niliona moja," alisema hatimaye, "nikajua ni saa saba usiku. Nikadhani mlinzi anakusaidia usiku."

"Mlinzi hana ufunguo wa paa."

"Sikujua hilo."

"Kwani ungeniuliza..."

"Dada, namba zilikuwa nzuri mno." Alisugua macho. "Kilima safi, hakina hata kasoro. Nikakitafutia sababu, nikaipata. Magari ya asubuhi. Sababu haikosekani ukiitafuta."

"Na mchana?" Mkuu aliuliza. "Tulisema mchana ni salama. Tulisema kwa namba gani?"

"Mchana hatukuwa na namba. Yale masanduku mengine matatu ni mabovu, na za posta zote niliziona zinaishia saa sita. Mstari ulikuwa unashuka, nasi tukauacha uendelee kushuka."

Mkuu aliufunga mdomo kwa vidole. Kisha akamgeukia Karani, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka tu. "Unajua ripoti hii imeshasomwa mbele ya meya?"

"Sijui, mama."

"Imesomwa. Ikapigiwa makofi. Sasa nitahitaji barua yako, useme ulijaza fomu kimakosa."

"Fomu imeuliza saa. Nimeandika saa."

"Binti, hapa si mahakamani."

"Mkuu, kosa ni langu pia," Bwana Wastani alisema. "Mimi mwenyewe nikiwa nyumbani nasema saa nane nikimaanisha saa nane. Nikiingia humu ndani sijui huwa nakuwa mtu gani."

"Wewe una shahada. Mwenye shahada hakosei, hupitiwa." Mkuu alisukuma karatasi nyeupe mbele ya Karani, na kwa mkono ule ule akauvuta mkataba, akaufungia ndani ya mtoto wa meza. "Huu usubiri kwanza. Tutakuita."

Karani aliitazama ile droo. Alijua maana ya *tutakuita*. Mumewe alikuwa ameambiwa hivyo na watu wengi wenye kuta za kupakwa rangi. Akashika kalamu.

"Na wafagiaji, mama?"

"Wanarudi asubuhi, Jumatatu. Hilo napiga simu sasa hivi." Na kweli aliinua simu, akaipiga mbele yake, akasema yote bila kuficha neno. Karani alimshukuru, akainama kuandika barua. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alipomaliza, saa tano ilikuwa imeshapita na kule juu ya paa sanduku lilikuwa limetoa namba yake bila mtu wa kuiona.

*

Jumapili alimwambia mama mkwe. Alimweleza mshale na nane na kilima, mama mkwe akiwa amelala kitandani na mito mitatu mgongoni. Alipoelewa alicheka, akakohoa, akacheka tena.

"Kwa hiyo nimelazwa na nane! Miaka hamsini na sita nimekwepa magari, malori, wanaume, nikaja kugongwa na nane." Alimpiga Karani begani. "Kosa la kalamu hilo. Kalamu haina adabu. Usilie, wewe mtoto, utanilowesha shuka."

Kalamu yenyewe ilikuwa imeshakwenda. Jumamosi asubuhi alikuta msichana mwingine akipewa ufunguo wa paa, na fomu mpya yenye safu ya SAA iliyogawanywa mara mbili, asubuhi na mchana.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri walitoka wawili. Mama mkwe alikuwa na nguvu za kufika barabarani, si za kufagia, na msimamizi alihesabu vizibao tu, hakuhesabu mikono. Karani alichukua fagio la uani akaanza upande wa mzunguko. Hewa ilikuwa baridi, nyepesi. Mlingoti aliwapita ng'ambo ya barabara, akapaza sauti:

"Mtaalamu! Leo umeshuka kutupima kwa karibu?"

"Mwache afanye kazi," mama mkwe alijibu. "Wewe unafagia kama unatafuta sindano."

Walifika chini ya posta kukiwa kunapambazuka. Mama mkwe alikuwa akisukuma makaratasi machache kwa ncha ya fagio, ili aonekane. Akasimama.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Karani aliendelea kufagia mara mbili zaidi kabla mkono haujakataa. "Jumanne."

"Ukasema lini?"

"Ijumaa."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu vitu vilivyoko mbele yake. "Jumatano nilifagia," alisema. "Alhamisi nilifagia."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa kule." Alionyesha paa kwa kidevu.

"Nilikuwa kule. Nilikuona."

Lori la maziwa lilipita, kreti zikigongana. Karani alisubiri. Angepokea tusi, angepokea hata kofi, na lingekuwa jepesi. Mama mkwe alivuta pumzi, ikafika nusu, akaiachia, akavuta nyingine.

"Ungepiga hata mluzi," alisema.

Kisha akaenda ukingoni, akakaa kwenye jiwe la njia, kizibao kikiwa kimefungwa vifungo vyote, akamwachia barabara.